Nilishinda kwa mikwaju. Je, nilistahili?

Mara moja tu maishani nimeshinda mashindano ya pool, na mpaka leo sina hakika kama ushindi ule ni wangu. Yalikuwa mashindano ya mtaani: meza moja, watu kumi na sita, usiku umekwenda na mwenye baa anataka kufunga. Fainali nilikutana na mzee aliyenifundisha kushika fimbo. Tulipofika gemu mbili kwa mbili, mwenye baa akakata shauri: mpira mmoja uwekwe kwenye alama, tupige kwa zamu, atakayekosa ametoka. Mzee akakosa wa tatu, mimi nikaingiza. Akanipa mkono: "Haya, bwana mdogo, chukua zako." Nikazichukua. Zilikuwa hela za kodi ya chumba cha mwezi mzima. Na yeye pia alikuwa anadaiwa kodi.

Nimekumbuka kisa hiki kwa sababu uamuzi kama ule wa mwenye baa sasa ni kanuni rasmi kwa wachezaji wa kulipwa. Katika mfululizo wa Predator Pro Billiard Series, mechi imekuwa ikichezwa kwa seti mbili fupi, kila seti ikienda kwa wa kwanza kufikisha gemu nne. Wakigawana seti moja moja, hakuna ya tatu. Wanakwenda kwenye mikwaju, kama penati za mpira wa miguu. Snooker nayo ina Shoot Out: freimu moja tu ya dakika 10, kila pigo sekunde 15 katika nusu ya kwanza na sekunde 10 katika nusu ya pili. Mwaka 2017 mashindano hayo yalianza kuhesabiwa katika viwango vya dunia, na viwango ndiyo riziki yenyewe, maana ndivyo vinavyoamua nani anabaki kwenye ajira na nani anarudi nyumbani.

Wasioupenda ufupi huu hupenda kukumbusha Hong Kong, mwaka 1996. Efren Reyes wa Ufilipino na Earl Strickland wa Marekani walicheza siku tatu, wa kwanza kufikisha gemu 120 achukue dola 100,000 zote. Reyes aliachwa nyuma, akarudi polepole, akashinda 120 kwa 117. Ingekuwa seti fupi, tusingejua kama ana uwezo wa kurudi namna ile.

Hebu tupige hesabu kidogo. Chukua mchezaji anayemzidi mwenzake kidogo tu, yaani katika gemu 100 anashinda 55. Tuseme pia kila gemu inajitegemea. Wakicheza wa kwanza kufikisha nne, aliye bora atashinda mara 61 hivi katika 100. Wakienda mpaka 11, mara 68. Wakienda mpaka 120 kama kule Hong Kong, mara 94. Sasa wape seti mbili za gemu nne: karibu nusu ya mechi zao zitaishia kwenye mikwaju. Na ikiwa mikwaju yenyewe ni nusu kwa nusu, aliye bora anarudi palepale kwenye mara 61. Yaani seti ya pili haikuongeza chochote! Wangecheza seti moja wakalala mapema, jibu lingekuwa lilelile.

Mtu akiishia hapo atasema ufupi ni dhuluma. Mimi siwezi kwenda haraka hivyo. Kwanza, hata 120 si mwisho wa haki; kwa nini isiwe 500? Kila urefu ni makubaliano. Pili, ukumbi una meza chache na siku chache. Mechi zikiwa ndefu, idadi ya washiriki hupungua, na wa kwanza kuachwa nje ni yule kijana asiyejulikana. Tatu, pool ina ukatili ambao mikwaju haina. Penye kanuni ya mshindi kuvunja, yaani kutawanya mipira ya gemu inayofuata, unaweza kufungwa ukiwa umekaa kitini, fimbo mkononi, usiguse mpira. Kwenye mikwaju, angalau kila mtu anapata zamu yake.

Lakini kufupisha mchezo ni jambo moja, na kuubadilisha ni jambo lingine. Seti fupi bado ni pool: unavunja, unapanga mpira mweupe ukae wapi kwa pigo lijalo, unajificha, unamtega mwenzako. Mikwaju inachukua kipande kimoja, kulenga, na kukiachia kihukumu vingine vyote. Ni kama waandishi wawili wamefungana kwa riwaya zao, halafu mshindi apatikane kwa mwandiko mzuri. Mwandiko ni sehemu ya kazi, sikatai. Ila hatukuja kwa ajili yake.

Kwa hiyo nimejifunza kutenga maswali mawili ambayo zamani niliyachanganya. Nani kashinda? Hilo hujibiwa na kanuni, bora tu iwe imejulikana mapema na inamhusu kila mtu sawasawa. Aliyelipa kiingilio akijua kuna mikwaju hawezi kulia kwamba ameibiwa. Nani bora? Hilo halijibiwi na usiku mmoja. Mashindano yawe mafupi kama waandaaji wanavyotaka. Yatatoa mshindi, nasi tutampigia makofi. Orodha ya viwango, ambayo ndiyo inayodai kutuambia nani bora, isiupe mkwaju mmoja uzito uleule wa ushindi wa gemu 11. Ikifanya hivyo, inasema jambo isilolijua, tena inalisema juu ya mkate wa mtu.

Nikirudi kwenye baa ile, naona kilichonikera hakikuwa bahati. Bahati ingeweza kumwangukia mzee vilevile. Kilichonikera ni kwamba kanuni ilitungwa tukiwa tayari sare, na hakuna aliyemuuliza mzee kama anakubali. Mimi niliona, nikanyamaza, kwa sababu moyoni nilijua gemu ya tano singeiweza.

Miezi michache baadaye nilimfuata, nikamwomba tucheze upya, wa kwanza kufikisha gemu 15, kwa hela zilezile. Alicheka sana. "Bwana mdogo," akasema, "zile si umeshazila?"

Ni kweli, nilikuwa nimeshazila.