Malipo ya Kupandisha Maji: Swali la Umiliki katika Uwanda wa Makonde

Swali la iwapo maji yanaweza kuuzwa, ilhali hakuna binadamu aliyeyaumba, limejadiliwa kwa karne nyingi na wanazuoni wa dini na wa falsafa, lakini ni sehemu chache ambako linabana kama katika uwanda wa juu wa Makonde, ambako mvua hunyesha na bado maji hayakai. Udongo wa kichanga wa uwanda huo huyapitisha maji hadi chini kabisa, kisha huyatoa kwa njia ya chemchemi pembezoni, kwenye miteremko na mabondeni, hivyo kwamba Newala, iliyo kwenye ukingo unaotazama Mto Ruvuma, imekaa juu ya maji yake yenyewe. Lisekese na sehemu nyingine za Masasi, zilizo chini upande wa magharibi miongoni mwa milima ya mawe, zina shida ya namna nyingine, yaani kuyafikia maji ya visimani na kuyaleta mjini maji ya chemchemi za mbali kama Mbwinji. Lakini huko nako, kama Newala, maji hayafiki kinywani bila mtu au mashine kuyanyanyua.

Wamakonde waliipa hali hiyo maelezo ya kidini kabla ya mwanajiolojia yeyote kufika. Katika simulizi ya asili iliyochapishwa na Karl Weule, mtaalamu wa ethnografia kutoka Leipzig aliyekaa Masasi na Newala mwaka 1906, mtu wa kwanza alitoka katika pori la Mahuta, akachonga sanamu ya mti ambayo usiku iligeuka kuwa mwanamke, na watoto waliozaliwa karibu na mito, wa kwanza Ruvuma na wa pili katika bonde la Mbwemkuru, walizaliwa wafu, ilhali aliyezaliwa juu, Mahuta, aliishi. Ndipo mzee huyo akawaagiza wazao wake wasijenge mabondeni, bali nyumba ziwe mbali na maji kwa mwendo wa saa moja au zaidi. Agizo hilo lina busara ya kiafya isiyohitaji utetezi, kwa kuwa mbu na magonjwa yalikaa bondeni. Lakini halikusema ni nani atakayeyapandisha maji kutoka huko, na kwa vizazi vingi jibu lilikuwa moja: wanawake na wasichana, kwa mtungi na baadaye kwa ndoo, kichwani.

Wanasheria wa Kiislamu, yaani mafakihi, walilikabili swali la umiliki kwa kutofautisha hali za maji. Maji ya mto na ya chemchemi ya porini ni ya wote, na Hadithi mashuhuri inawahesabu watu kuwa washirika katika maji, malisho na moto. Lakini maji yaliyokwisha kutekwa na kutiwa chomboni ni mali ya aliyeyateka, naye anaweza kuyauza, ingawa hana ruhusa ya kumnyima mtu anayekaribia kufa kwa kiu. Mwingereza John Locke, aliyeandika juu ya utawala wa kiraia katika karne ya 17, alifikia hitimisho linalofanana kwa njia nyingine, aliposhikilia kwamba maji ya chemchemi ni ya kila mtu ila yaliyomo mtungini ni ya aliyeyachota, kwa sababu kazi yake imeungana nayo. Kwa hoja zote mbili tendo la kunyanyua ndilo linaloyatoa maji katika umiliki wa wote na kuyaingiza katika umiliki wa mtu. Kwa hoja hiyo hiyo maji ya mvua yanayovunwa kutoka kwenye bati na kuhifadhiwa katika matangi ya saruji nyumbani ni ya mwenye tangi bila ubishi mkubwa.

Ugumu unaanza pale mnyanyuaji anapokuwa mashine, kwa kuwa haionekani tena wazi ni kazi ya nani iliyoungana na maji. Shadufu ya Misri, ambayo ni mti mrefu wenye ndoo upande mmoja na uzito upande mwingine, bado ilimwacha mchotaji karibu na maji yake, na sakia, yaani gurudumu la vyungu linalozungushwa na ng'ombe, ilimweka nyuma ya mnyama wake. Pampu ya kusukuma, inayohusishwa na Ktesibios wa Aleksandria katika karne ya 3 kabla ya Kristo, na baadaye mashine za kupandisha maji alizozieleza al-Jazari mwaka 1206, zilianza kumtenga mtu na maji. Kisha Galileo akaeleza mwaka 1638 kwamba pampu ya kufyonza haivuti maji zaidi ya kimo fulani, ambacho leo hujulikana kuwa takriban mita 10, na Torricelli akatambua muda mfupi baadaye kwamba ni uzito wa hewa unaoyasukuma maji hadi hapo na si zaidi. Mipaka hiyo ni ya maumbile, wala haiondolewi kwa sala wala kwa kura. Anayetaka kuvuka mita 10 hana budi kuyasukuma maji kutoka chini.

Hesabu yake ni rahisi. Ndoo 50 za lita 20, yaani lita 1,000, zikipandishwa mita 100, huhitaji nishati isiyopungua takriban robo ya uniti moja ya umeme, na zaidi ya hapo kwa sababu pampu na mabomba hupoteza sehemu yake. Mwanamke anayepanda mteremko na ndoo hulipa zaidi, kwa kuwa hupandisha na mwili wake pia. Hakuna hali ambamo gharama hiyo haipo. Kinachobadilika ni anayeibeba.

Historia ya uwanda inalithibitisha hilo. Katika miaka ya 1950 Shirika la Maji la Makonde lilianza kusukuma maji kutoka bondeni hadi vijiji vya juu na kuyauza vituoni kwa senti. Baada ya uhuru Serikali ilibeba mzigo huo, na mwaka 1971 ikatangaza mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mwananchi wa vijijini maji safi karibu na nyumba, bila malipo. Nia ilikuwa njema. Lakini dizeli, vipuri na fundi havikuwa vya bure, na pampu iliyosimama kwa kukosa dizeli haikuwarudishia watu maji ya Mungu, ila iliwarudisha wanawake kwenye mteremko. Kwenye visima vifupi vya mabondeni, mradi wa Finland ulileta mikoani Mtwara na Lindi pampu za mkono za NIRA, ambazo mpini wake hupandishwa na kushushwa wima ukiisukuma pistoni moja kwa moja ndani ya bomba la plastiki. Hizo zilitengenezeka kirahisi, ila hazikuwa za vina vya uwanda. Sera ya Maji ya mwaka 2002 hatimaye ikawataka watumiaji wachangie uendeshaji na matengenezo.

Je, mchango huo ni uuzaji wa riziki ya Mungu? Kisa ambacho Waislamu na Wakristo wa Newala na Masasi wanacho kwa pamoja kinatoa mwanga. Musa alipofika Madiani aliwakuta mabinti wanaozuiwa na wachungaji, akawanyweshea mifugo yao. Katika Kurani, mmoja wao alirudi kumwambia kwamba baba yao anamwita ili amlipe ujira wa kuwanyweshea; malipo hayakuwa ya maji, bali ya kazi ya kuyapandisha, nayo yalikuja baada ya kiu kukatwa.

Hivyo ada ya ndoo ni halali ikiwa haizidi gharama ya kuipandisha na ikiwa mgonjwa, mzee asiye na kitu na mtoto wa shule hawarudishwi kutoka kituoni kwa kukosa shilingi. Ikizidi hapo, imegeuka kuwa bei ya maji yenyewe, na hoja ya malipo ya kazi haiitetei tena. Mashehe na mapadri wanaoulizwa swali hili na waumini wao wadai kwanza daftari la jumuiya ya watumia maji, wasome mapato na gharama za dizeli au umeme, ndipo watoe fatwa au mahubiri.