Kiti, Ngazi na Geti

Kaptagat hatuna jukwaa. Alhamisi, siku ya mbio ndefu, wakimbiaji hupita kwenye barabara ya vumbi jekundu katikati ya msitu, kilomita 30 wiki moja na 40 wiki nyingine, na anayetaka kuwaona anasimama kando ya njia. Mwenye ng'ombe anasimama. Mtoto wa shule anasimama. Mtu wa boda anazima injini, anasimama. Bingwa wa Olimpiki anapita mita mbili mbele yako na hakuna aliyekuuliza tiketi. Hata mbio za nyika zinapofanyika Lobo, nje kidogo ya Eldoret, watazamaji hujipanga kwenye nyasi, na wakimbiaji wakizunguka upande wa pili, watazamaji nao wanakata kona mbio kuwawahi huko. Ni mchezo ambao hata shabiki wake hutoka jasho.

Kwa hiyo mjadala wa viti unatufikia ukiwa na lafudhi ya kigeni kidogo. Lakini unatufikia. Uwanja wa Kipchoge Keino mjini Eldoret umekuwa ukikarabatiwa na kukwama, kukarabatiwa na kukwama, miaka nenda miaka rudi. Kamariny kule Iten ulifungwa ili uboreshwe, wanariadha wakabaki kutafuta pa kukimbilia. Eldoret ilitangazwa kuwa jiji tarehe 15 Agosti 2024, na jiji likishapewa cheti hutaka uwanja wa hadhi ya jiji. Siku hizi mchoro wa uwanja kama huo huwa mmoja tu: viti vya plastiki pande zote, vimepangwa rangi ya bendera. Zile ngazi tupu za saruji, ambazo babu zetu walisimama juu yake wakiwa wamevaa kofia na kubeba redio, zinahesabiwa kama aibu ya zamani.

Je, ni sawa kila ngazi ifungwe kiti? Ama kuna kitu kinachopotea ambacho mtu ana haki ya kukitetea?

Nianze na upande wa viti, maana una hoja nzito kuliko sisi mashabiki wa kelele tunavyopenda kukiri. Tarehe 15 Aprili 1989, katika uwanja wa Hillsborough mjini Sheffield, mashabiki wa Liverpool walibanwa kwenye vizimba vya kusimama nyuma ya goli. Hesabu ya waliokufa imefika 97. Jaji Taylor alipoandika ripoti yake mwaka 1990 alipendekeza viwanja vikubwa viwe vya kukaa vyote, na kufikia msimu wa 1994–95 vilabu vya ligi za juu Uingereza vilikuwa vinatakiwa kutii. Dunia ikaiga. FIFA na CAF wanataka viti kwa mechi zao kubwa, na Kenya inajua gharama ya kukosa uwanja unaokubalika: mwaka 2024 Harambee Stars walicheza mechi za "nyumbani" Lilongwe na Kampala. Nyumbani, ati.

Na kuna hoja nyingine ya viti ambayo hutaisikia Uingereza, ni ya kwetu kabisa. Hapa kiti ni zaidi ya samani. Mtu hugombea kiti. Akikipata, hakiachi. Nenda kwenye sherehe yoyote ya taifa utaona ramani ya nchi: kuna hema, ndani yake viti vyenye vitambaa na chupa za maji, na nje kuna mwananchi, juani, tangu saa kumi na mbili asubuhi. Anayekaa anajulikana jina. Anayesimama anaitwa umati. Sasa mtu akikuambia kwamba uwanja mpya utampa kila mwananchi kiti chenye namba na mgongo wa kuegemea, usimcheke haraka. Anasema kitu cha maana. Anasema na wewe ni mgeni, umealikwa, nafasi yako imewekwa.

Hiyo ndiyo hoja bora ya viti: kiti ni ahadi. Mwenye uwanja anakuambia, nimekuhesabu.

Shida ni kwamba ahadi hiyo huvunjwa getini, kabla hujakiona kiti chenyewe.

Tarehe 23 Oktoba 2010, Gor Mahia walikuwa wanacheza na AFC Leopards uwanja wa Nyayo. Watu 7 walikufa kwenye mkanyagano. Walikufa wakiwa wanajaribu kuingia. Tarehe 24 Januari 2022 ilikuwa Yaoundé, uwanja wa Olembe, mpya kabisa, viti takriban 60,000, fahari ya AFCON. Watu 8 walikufa kwenye lango la kusini kabla ya mechi ya Cameroon na Comoro, na rais wa CAF, Patrice Motsepe, akasema geti ambalo lilipaswa kuwa wazi lilikuwa limefungwa. Machi 2021, Dar es Salaam, watu waliokuja kumuaga Rais Magufuli uwanja wa Uhuru walibanana, na polisi wakatangaza vifo 45. Halafu kuna Accra, tarehe 9 Mei 2001, kisa ambacho kila mtetezi wa viti angesomewa polepole. Mashabiki wenye hasira waling'oa viti vya plastiki wakavirusha uwanjani. Polisi wakajibu kwa vitoa machozi kwenye jukwaa lililojaa watu. Watu wakakimbilia milango, wakakuta imefungwa. Wakafa 126. Kiti kile kile kilichowekwa ili kuwatuliza ndicho kilichogeuka jiwe la kurusha.

Hata Hillsborough, ukiisoma kwa makini, inaanzia getini. Polisi walifungua lango la kutokea ili kupunguza msongamano wa nje, watu wakamiminika kwenye vizimba ambavyo tayari vilikuwa vimejaa, na hakuna aliyesimama pale kuwaelekeza pembeni kulikokuwa na nafasi. Kwa miaka mingi waliambiwa mashabiki ndio waliosababisha, walevi, wahuni. Mwaka 2016 baraza la uchunguzi likaamua kwamba waliuawa kinyume cha sheria na kwamba mashabiki hawakuwa na lawama. Miaka 27 ya kumtetea marehemu ili asiitwe muuaji wake mwenyewe.

Sasa unaweza kuona ninakoelekea: tubakize ngazi, si viti vinavyookoa watu. Pole, haiwi rahisi hivyo. Kuna hoja moja ya watu wa kusimama ambayo naikataa, na ndiyo hoja wanayoipenda zaidi. Inasema: mwili ni wangu, hatari ni yangu, serikali isinichagulie. Mimi ni mtu mzima, nikitaka kusimama dakika 90 kwenye msongamano, inakuhusu nini?

Hoja hii inafaa kwa mtu anayekimbia peke yake kwenye mvua kule msituni. Haifai kwa umati. Kwenye umati uliobana, mwili wangu si wangu peke yangu; ndio uzito unaokulalia wewe. Wa nyuma anasukuma hatua moja, kwa furaha tu, goli limeingia. Hajui kwamba mbele, ngazi 15 chini, kuna msichana aliyebanwa kifua kwenye chuma. Hakumdhuru kwa kukusudia, wala msichana hakukubali hatari hiyo alipolipa. Alikubali kuimba. Anayekufa kwenye msongamano karibu kila mara si yule aliyesukuma. Ndiyo maana neno "hiari" linaishiwa nguvu pale, na ndiyo maana lazima awepo mtu wa tatu, anayeona umati mzima kutoka juu, mwenye wajibu wa kusema sasa inatosha, funga upande huu, fungua ule.

Tulishawahi kuwa na mjadala huu, lakini kwa matatu. Februari 2004 sheria za John Michuki zilianza kazi: mikanda, vidhibiti mwendo, watu 14 na wote wamekaa. Kabla ya hapo ilikuwa songa kidogo, songa tena, mlango umejaa migongo. Nauli ikapanda, watu wakaachwa steji wakitembea, na bado wengi wetu tunakubali Michuki alikuwa sahihi. Lakini angalia alichokifanya hasa. Kiti kilikuwa njia ya kuhesabu. Polisi barabarani hawezi kupima msongamano kwa macho, ila anaweza kuona vichwa 17 kwenye gari la watu 14. Na sote tunajua kilichofuata pale ambapo polisi aliamua kutohesabu.

Kasarani mwaka jana tuliona kitu hicho hicho kikiwa kikubwa. Agosti 2025, CHAN imekuja, tumewafunga Morocco 1-0, nchi imelewa raha. Viti vilikuwepo, vipya. Watu wasio na tiketi wakapita mageti, na CAF ikaamua mechi iliyofuata, dhidi ya Zambia, isizidi mashabiki 27,000. Yaani uwanja wa viti vyote ukapunguziwa watu kwa sababu hakuna aliyeweza kuhesabu walioingia. Viti vilikaa vitupu vikitutazama. Hapo kiti kilikuwa ahadi ya nani kwa nani?

Kwa hiyo nikiulizwa kinacholindwa na ngazi ya kusimama, sitasema uhuru wa kujiumiza. Nitasema kinachofanana na kile cha barabara ya Kaptagat. Lugha yetu inajua tofauti hii. Tunasimama na mtu akiwa taabani. Tunamsimamia bwana harusi. Mtu mwenye kauli tunasema ana msimamo. Wahenga walisema mkaa bure si sawa na mtembea bure (hawakuwa na mpira akilini, najua). Anayesimama anatazama kwa mwili mzima. Yuko tayari kwenda mahali. Tarehe 12 Oktoba 2019, Eliud Kipchoge alipokuwa anamaliza kilomita 42 Vienna kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, mji wa Eldoret ulikuwa umesimama barabarani mbele ya skrini kubwa. Sidhani kuna aliyetafuta kiti. Upande wa jua, ule ambao mashabiki wengi wa Kenya wanauita Russia, ndiko wimbo unaanzia, na unaanzia pale kwa sababu watu wamesogeleana, bega kwa bega, na kwa sababu hakuna aliyewapangia jirani. Mwenye duka na mwenye toroli wanakutana pale kwa bei moja.

Bei ni sehemu ya maadili, si ya uhasibu tu. Aliyesimama anachukua nafasi ndogo kuliko aliyekaa, basi tiketi yake inaweza kuwa rahisi. Uingereza, viti vilipofika, bei zilipanda na vijana wa mtaa wakabaki nje ya viwanja vya mtaa wao. Taylor mwenyewe hakusema viti viwe kisingizio cha kupandisha bei, lakini ndivyo vilivyotumika. Ujerumani walikataa. Dortmund wana upande wa kusini unaosimamisha watu karibu 25,000, nao haujulikani kwa mazishi. Na Uingereza yenyewe, baada ya miongo karibu mitatu, Januari 2022 ikaanza kujaribu tena kusimama, safari hii kukiwa na chuma cha kiunoni mbele ya kila safu, mtu mmoja nafasi moja. Umati hauwezi kuporomoka kama mawe ya domino, maana kila safu inazuiwa na chuma chake.

Wanaosahaulika kwenye mjadala wote huu ni wasioweza kusimama. Shosho aliyekuja kumwona mjukuu wake akikimbia mita 1500. Mtu wa kiti cha magurudumu. Mama mjamzito. Uwanja wa kusimama wote ni dhuluma kwao, hakuna cha kubishana. Lakini na uwanja wa kukaa wote unawadhulumu kwa njia ya chini chini: sisi vijana tukipewa viti hatukai, tunasimama juu yake, na nyuma yetu mzee anatazama migongo ya jezi kwa bei ya kiti. Kutupa upande wetu ni njia mojawapo ya kumrudishia yeye upande wake.

Basi kwa Eldoret, kama kweli kazi itaisha, mimi ningeomba hivi: viti vyenye paa kwa wengi, vya bei inayolipika, na mbele kabisa nafasi za magurudumu zisizozibwa na mtu. Upande mmoja wa jua ubaki ngazi, na vyuma vya kiunoni, na geti lake lenyewe, na hesabu yake yenyewe inayosoma idadi mlangoni. Mechi za CAF zikija, weka viti vya kukunjwa, Wajerumani wamefanya hivyo miaka mingi. Mechi za CAF zenyewe zitakuwa ngapi kwa mwaka? Siku zilizobaki ni riadha za shule, mashindano ya kaunti, krusedi na siasa.

Na pesa zikipungua, maana hupungua, zianze na mageti. Mkandarasi atataka kuanza na viti kwa sababu viti vinapiga picha nzuri siku ya ufunguzi. Geti pana linalofunguka kuelekea nje halipigiwi picha na mtu. Mheshimiwa akija kukata utepe, mtu amuulize maswali mawili kabla hajapanda kwenye kiti chake: hayo mageti yanatoa watu wangapi kwa dakika nane, na mwenye funguo ni nani, na anakaa wapi mechi ikiendelea. Ndiyo, ni matatu. La tatu ndilo ningependa kusikia jibu lake.