Mtihani Bila Askari

Mtihani wangu wa kwanza chuoni niliufanya peke yangu, kwenye chumba kidogo cha maktaba, mlango umefungwa. Profesa alinipa bahasha akaniambia: masaa matatu, usifungue kitabu wala simu, ukimaliza weka sahihi kwamba umefuata masharti. Halafu akaenda zake kula. Nikabaki nimeishika ile bahasha kama mtu aliyeachiwa mtoto wa wenyewe kwenye matatu.

Lazima uelewe nilikotoka. Mimi ni wa KCSE ya 2016, ule mwaka karatasi za mtihani zililala kwenye kontena za chuma na kulindwa na polisi wenye bunduki. Sisi tulipapaswa mlangoni hadi kwenye soksi. Mwaka uliotangulia, waliopata A nchi nzima walikuwa zaidi ya 2,600. Mwaka wetu walikuwa 141. Watu wakasema, mnaona sasa? Hii ndiyo dawa.

Chuo nilichoenda baadaye kwa ufadhili kiko Pennsylvania, na ni kidogo hivi kwamba shule yangu ya upili ilikaribia kukizidi kwa watu. Ni vile vyuo vya Marekani ambavyo havikuandai kwa kazi moja. Unaonja falsafa, biolojia, historia na hesabu kwanza, halafu mwaka wa pili ndio unachagua somo lako kuu. Darasa letu la falsafa lilikuwa na watu 14 kuzunguka meza moja, hakuna pa kujificha kama hujasoma. Ukifika tu unaweka sahihi kwenye kanuni ya uaminifu, na ukiivunja, wanaoketi kukusikiliza ni wanafunzi wenzako.

Muhula huo tulisoma Jamhuri ya Plato, kitabu cha pili. Mle ndani Glaucon anasimulia habari za mchungaji wa Lydia aliyeokota pete. Akiigeuza kuelekea ndani ya kiganja, haonekani. Basi mchungaji akaingia ikulu, akamtwaa malkia, akamuua mfalme, akakalia kiti chake. Swali la Glaucon ni rahisi na linauma: mpe mtu mwema na mtu mbaya pete kama hiyo, kutakuwa na tofauti gani kati yao?

Profesa akauliza kama kuna aliyewahi kukutana na hadithi hii. Nikaangalia meza.

Nilikuwa nimekutana nayo Roysambu, saa nane usiku, kwa sababu kuna mwanafunzi huko Marekani alilipa aandikiwe insha kuihusu. Mwandishi nilikuwa mimi. Kurasa tano, shilingi 350 kila ukurasa, mwenye akaunti akabaki na zake. Binamu yangu ndiye aliyeniingiza kwenye hiyo kazi baada ya fomu four, wakati mathe alikuwa ameshindwa na kodi. Kwa hivyo insha yangu ya kwanza ya falsafa ina jina la mtu nisiyemjua. Alipata B+, na mimi nikafurahi kama yangu.

Nimeifikiria sana ile pete tangu siku hiyo. Kontena za 2016 zinamjibu Glaucon kwamba amesema kweli: binadamu akionekana ni mwema, asipoonekana ni mwizi, kwa hivyo ongezeni askari. Na siwezi kusema kontena zilikosea. Wizi wa mitihani ulikuwepo, sote tunajua. Lakini mimi nilitoka kwenye mtihani ule bila kujua kama ni mwaminifu. Sikuiba, sawa. Pia sikuwa na nafasi ya kuiba. Huwezi kumsifu mtu kwa kutoruka ukuta ambao hata hakuufikia.

Chuoni waliniondolea ukuta. Usidhani hilo liliwafanya watu malaika. Wale wateja wetu wa Roysambu walitoka wapi? Baadhi yao, nina hakika, waliweka sahihi kwenye kanuni kama yangu, kisha wakafungua laptop na kuniagiza mimi. Kuaminiwa hakumfanyi mtu awe mwema. Kunamwondolea kisingizio tu. Nikiwa na askari mlangoni, kosa langu ni mchezo kati yangu na yeye, na nikimshinda hata najisifu. Askari akiondoka, nabaki na mtu aliyeniachia mlango wazi, na huyo ndiye nitakayemgeuka.

Kuna hoja ambayo sisi tulioandika tunaipenda: mimi niliuza tu kazi. Fundi akikushonea suti hakuulizi unaenda nayo wapi. Niliitumia hoja hiyo miaka miwili na iliniwezesha kulala. Shida yake ni kwamba suti haisemi "nimejishona mwenyewe." Insha inasema, tena kwenye mstari wa kwanza, pale jina linapokaa. Nilijua hivyo nilipokuwa nikiandika. Ndiyo maana sikuinua mkono darasani.

Wiki ile ile ya mtihani binamu alinitumia ujumbe. "Cuzo, kuna oda ya falsafa, kurasa nane. Wewe ndio unaijua hii mambo. Nisaidie, landlord amenifungia nyumba." Nikamwambia nimeacha, siwezi tena. Nikamtumia dola 40 kutoka kwa mshahara wangu wa kuosha vyombo kwenye jumba la chakula. Akajibu baada ya muda: "Shukran. Lakini ni rahisi kuwa mwaminifu ukishashiba."

Wahenga walishasema mwenye njaa hana miiko, na binamu hakuwa anatania. Mimi nilikuwa na kitanda, milo mitatu na profesa anayelijua jina langu. Yeye alikuwa amesimama nje ya mlango wenye kufuli, na nguo zake ziko ndani. Uaminifu wangu ulinigharimu dola 40. Wake ungemgharimu nyumba. Kwa hivyo siwezi kukaa Pennsylvania nikamhukumu, na ninapowasikia Wamarekani wakilalamika kuhusu "waandishi wa Kenya" huwa nauliza kwanza anayenunua anaitwa nani.

Lakini nusu tu ya maneno yake naikubali. Wanunuzi wetu walikuwa wameshiba siku zote, na shibe haikuwafanya waaminifu. Njaa inaeleza kwa nini binamu anaandika. Haielezi kwa nini mtu mwenye kila kitu ananunua. Kwa hivyo lazima kuwe na kitu kingine zaidi ya tumbo, na kitu hicho mimi nilikikuta kwenye kile chumba cha maktaba, begi likiwa miguuni na daftari langu lote ndani yake.

Swali la tatu sikulijua. Jibu lilikuwa kwenye daftari, ukurasa wa upande wa kushoto, hata rangi ya wino niliikumbuka. Nikakaa nalo labda dakika kumi. Kisha nikaandika kile kidogo nilichokumbuka, nikaweka sahihi, nikairudisha bahasha. Nilipata C+.

Binamu bado anaandika. Tunaongea kila Jumapili, na kuhusu hilo hatujakubaliana mpaka leo.