Mwana wa Ndege na Mwana wa Mtu

Mtu mmoja alinijia baada ya sala ya alasiri, baba wa mwanafunzi wangu, akanambia kuwa amekata shauri kumtoa mwanawe chuoni na skuli, ampeleke mji wa mbali akajitafutie. Mtoto hajatimiza miaka 14. Nilipomuuliza huko atakuwa na nani, alinijibu: "Sheikh, ndege nani amwonyeshaye njia? Si Mungu? Basi na huyu atamwonyesha." Sikuwa na jawabu la haraka. Nikamwomba anipe siku chache.

Ilikuwa mwisho wa Septemba, wakati wa bamvua. Nikaenda Mida, kwenye hori iliyo karibu na Watamu, maji yalipokuwa yametoka na matope yako wazi mpaka kwenye mikoko. Kila mwaka kuanzia Agosti hori hii hupokea ndege wageni. Majahazi ya zamani yalingoja kaskazi ndipo yashuke kutoka Uarabuni. Ndege hawa hawangoji, hufika kusi lingali likivuma.

Nimwanze kitwitwi mmoja, mwenye mdomo mwembamba uliopinda chini, uzito wake gramu 60 hivi. Kwao ni Siberia ya kaskazini kabisa, zaidi ya kilomita 8,000 kutoka hapa. Dume huondoka mapema, mayai yakiwa hata hayajaanguliwa. Jike hubaki na makinda, kisha naye huwatangulia. Hao wazee wafikao Agosti utawaona bado wana wekundu kifuani. Watoto hubaki nyuma peke yao, na baada ya wiki kadhaa huinuka na kuja, hawajapata kuiona njia wala hawana mkubwa wa kuwaongoza. Siku ile niliwaona, vifua vyao rangi ya chai ya maziwa, wanadonoa matopeni kana kwamba wamezaliwa Mida.

Basi hoja ya yule baba ilikuwa na nguvu kuliko alivyojua mwenyewe. Nami niliyeshika fimbo ya ualimu maisha yangu yote niliona haya kidogo mbele ya kiumbe aliyefundishwa bila ya mwalimu. Katika Suratul-Mulk tumeelekezwa tuwatazame ndege walio juu yetu, tujue ni nani awashikaye. Hilo halina ubishi.

Lakini tutazame vizuri, ndugu msomaji. Huko Siberia wako wanyama wadogo mfano wa panya, ambao mwaka mmoja huwa wengi mno na mwaka mwingine hupungua sana. Wakipungua, mbweha hugeukia mayai na makinda ya ndege, na mwaka huo vitwitwi wachanga wafikao kwetu huwa wachache. Sisi tunaosimama ufukweni tunawahesabu waliofika. Yule asemaye "mbona wanafika" hakuwauliza wasiofika, na hawezi kuwauliza.

Tena katika matope yayo hayo yuko ndege mwingine, mrefu wa miguu, mweupe mwenye weusi mgongoni, mdomo wake mnene kama wa kuvunjia kokwa. Chakula chake kikubwa ni kaa, basi nitamwita mla kaa. Huyu huzalia fukwe na visiwa vya mchanga vya Uarabuni na Ghuba, na pwani ya Somalia. Huchimba shimo mchangani, akataga yai moja tu, na kinda hukaa shimoni akiletewa chakula. Wakija kwetu huja pamoja. Niliona mmoja mchanga, mgongo wake wa kijivu, akimfuata mzazi huku akilia kwa mbinja nyembamba, na mzazi akamkata kaa akampa. Mtoto huyo alikwisha kuvuka bahari kwa mbawa zake mwenyewe, na bado analishwa!

Ndege ni umma mbalimbali, na kila umma una kanuni yake ya malezi. Kitwitwi anayemwacha mwanawe hakosi, maana ndivyo alivyoumbwa, na mwanawe ameumbwa na njia ndani yake. Je, mwana wa mtu ana njia gani ndani yake? Huzaliwa hajui hata kushika titi vizuri. Anayemwacha kisha akaita jambo hilo tawakkul amemwekea Mungu kazi aliyopewa yeye.

Nasema haya si kwa ubora. Nami nilimpeleka mwanangu Mombasa ana miaka 13, nikamkabidhi kwa watu, nikasema Mungu ndiye mlezi, nikarudi kwa wanafunzi wangu. Alikua, hakupotea, ana kazi yake. Lakini aliporudi baada ya miaka alinipa mkono akaniita "Sheikh", kama waniitavyo wanafunzi. Mpaka leo ananiita hivyo. Nilipokuwa nikimtazama yule mla kaa mchanga na mbinja zake, hilo ndilo lililonijia.

Yule baba nilimweleza yote, na hili la mwanangu pia. Alinyamaza, kisha akauliza, "Hata mla kaa, iko siku humwacha. Lini?" Nikamwambia kuwa nilimwona mzazi mwingine pale akimgeuzia mwanawe mgongo, na yule mdogo akaingia matopeni akatoka na kikaa kidogo, akakiangusha, akakifuata tena. Mzazi hakuwa mbali.

Mtoto angali chuoni. Babaye amesema atangoja mpaka kaskazi iingie, ndipo tuzungumze tena.