Mlango wa Mvule

Wengi wetu tulioko Uingereza tumeegemeza viwiko juu ya mvule bila kuutambua. Hapa unaitwa iroko, jina la Kiyoruba, na umetumika sana kwenye meza za maabara za shule na viti vya bustani. Nyumbani tunaujua kwa mlango wa mbele. Tukituma fedha za kumalizia nyumba, tunasisitiza kwa simu: mlango uwe wa mvule, mchwa hawaugusi.

Tukishalipa, tena kwa halali, je, deni limekwisha?

Mti huu ni wa misitu yenye mvua nyingi, kuanzia Afrika Magharibi hadi Msumbiji. Hufika hata mita 50, na shina lake hupanda juu sana kabla ya tawi la kwanza. Sisi wahandisi tunaupenda kwa kuwa mbao zake hudumu bila dawa. Wapasua mbao wana maneno yao mengine, maana ndani ya shina hujificha mawe ya chokaa yanayovunja meno ya msumeno. Chokaa hiyo mti huitengeneza wenyewe, na nyingine hubaki udongoni. Ni hewa ya ukaa iliyogeuzwa jiwe.

Vikaoni tumesikia jawabu la haraka: tukate mmoja, tupande kumi. Hesabu nzuri, ila mvule hauijui. Kuna mvule dume na mvule jike, na jike hauzai mbegu kama hakuna dume jirani. Matunda huliwa na popo, ndio wanaotawanya mbegu. Miche ikipandwa mingi pamoja kwa safu, kidudu kiitwacho Phytolyma huvimbisha majani na vichipukizi mpaka vikaoza. Msituni miche imetawanyika, kidudu kinahangaika kuifikia. Na mpasua mbao hataki mche. Anataka ule mkubwa, ambao ndio mama wa mbegu.

Wapo watakaotuuliza: mnaokula vya Ulaya, mnataka kumnyima mwanakijiji riziki yake? Hoja hiyo ni nzito, wala hatuikwepi. Lakini mara nyingi mwanakijiji huyo mlango wake ni wa mabati. Oda ya mvule ni yetu.

Saruji tunaidai risiti mfuko kwa mfuko, nondo tunazihesabu kwa milimita. Kwa nini mbao peke yake ipite bila kuulizwa imetoka msitu gani?