Mnara Ukitolewa Baharini

Mwaka 1879 Wamarekani walisimamisha mnara wa taa kwenye mlango-bahari wa Hooper, katika Ghuba ya Chesapeake: nyumba ya mbao yenye pembe sita, juu ya nguzo za chuma zilizozungushwa kama parafujo hadi chini ya tope. Mwaka 1966, ulipokaribia kuvunjwa, ulikatwa vipande viwili, ukapakiwa kwenye tishari na kupelekwa kwenye makumbusho katika mji wa St. Michaels. Mgeni hupanda ngazi akatazama maji, lakini hakuna nahodha anayeutegemea tena. Je, ni mnara uleule? Swali hili linagusa Eastlands ya Nairobi moja kwa moja, ambako mitaa ya zamani inabomolewa kupisha ghorofa na wenyeji wanaambiwa mtaa utabaki kwa sababu jina litabaki.

Mwishoni mwa miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ilibomoa kijiji cha Pangani, Nairobi, ambako Waafrika, wengi wao Waislamu, walikuwa wamejenga nyumba zao wenyewe za udongo. Watu wakahamishiwa Shauri Moyo, kwenye nyumba za manispaa, na wengine wakaingia Pumwani. Hakuna aliyehifadhi hata ukuta mmoja. Hata hivyo waliohama waliendelea kuswali pamoja, kuozana na kuzikana. Kwa maoni yangu kijiji hicho kisicho na tofali lililosalia kimebaki chenyewe kuliko mnara ambao mbao zake zipo, maana kitu hudumu kwa wajibu kinaoutimiza kwa watu.

Mfuasi wa madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya Waswahili Waislamu walio wengi, atanipinga: msikiti ukishawekwa wakfu hubaki msikiti hata ukibomoka na majirani wote wakahama, wala kiwanja chake hakiuzwi. Wahanbali, wafuasi wa madhehebu mengine, huruhusu kuuhamisha manufaa yake yakikoma, na hutaja amri ya Khalifa Umar ya kuhamisha msikiti wa mji wa Kufa. Tofauti yao ni kubwa, lakini tazama wanachokilinda. Wa kwanza wanalinda mahali, wa pili manufaa. Sijaona upande unaolinda umbo tupu, na mnara wa St. Michaels umepoteza mahali na manufaa, ukabaki na umbo. Mtaa unaobakizwa jina tu umebaki na kidogo hata kuliko mnara huo.

Pingamizi zito zaidi ni la ushahidi. Mtoto anayepanda ngazi za mnara hujifunza jinsi walinzi wa taa walivyoishi, na ukumbi wa mtaa wa Kaloleni, hukohuko Eastlands, ukivunjwa, kijana ataona wapi jinsi siasa za kabla ya uhuru zilivyopikwa? Nakubali, na ukumbi ule usiguswe. Lakini shahidi husimulia jambo, hawezi kulifanya, ndiyo maana kuta pekee hazitoshi. Tena uvumilivu wa watu wa Pangani hausafishi ubomoaji ule hata kidogo: serikali ilihamisha miili yao, mengine waliyabeba wenyewe. Kwa hiyo anayekuja na ramani ya ghorofa aulizwe kwanza kama wanachama wa kikundi kimoja cha mazishi watarudi kwenye jengo moja, kwa kodi wanayoiweza, na kama mama anayeuza mboga kwa mkopo amewekewa mahali pa kuuzia pale chini.