Haki Isiyo Yako

Mtu apitaye Kitui au Makueni wakati wa kiangazi huiona mito isiyo na maji, mchanga mtupu toka ukingo hata ukingo, na wanawake waliopiga magoti katika mchanga huo wakichimba ili wapate maji ya kunywa. Akipanda vilima vya Mbooni au Kilungu huona jambo jingine, nalo ni matuta yaliyochimbwa kwa majembe ubavuni mwa milima. Mvua za nchi hiyo ni chache, nazo zijapo huja kwa kishindo. Mkulima asiye na matuta hupoteza maji na udongo kwa siku moja.

Walakini matuta yana sharti lake. Shamba la juu likiachwa bila matuta, maji huporomoka, huvunja matuta ya shamba la chini, na kazi ya miaka mingi huzolewa kwa usiku mmoja. Huenda hii ni sababu mojawapo ya kudumu kwa desturi ya Wakamba iitwayo mwethya, ambayo ni kikundi cha majirani wanaofanya kazi katika shamba la mmoja leo na la mwingine kesho. Alimaye katika mwethya hajidanganyi kuwa shamba alimalo ni lake. Anajua kuwa si lake, na hata hivyo hulilima kwa bidii.

Nakuomba, msomaji, uukumbuke mfano huo, maana swali nililo nalo lafanana nao. Je, haki ya mtu mwingine, mtu ambaye pengine humjui wala humpendi, yakuhusu nini wewe? Kuna vyama vya watu ambao kazi yao ni kutetea haki zisizo zao wenyewe. Wengine huwasifu, wengine huwaita wadaku. Yafaa tupime nani asemaye kweli.

Tuanze na wale wasemao kuwa mambo ya watu waachiwe wenyewe. Tusiwadharau, kwa sababu maneno yao hutoka katika maisha ya taabu. Mtu mwenye watoto wa kulisha na karo ya kulipa huona kuwa kuingilia ugomvi wa mnyonge na mwenye mamlaka ni kujitafutia balaa. Asema, "Mwenye nguvu mpishe." Hakika kupisha ni busara pale ambapo ng'ombe dume anapita njiani. Ng'ombe hana hoja wala hakuapa kuwatumikia watu. Lakini mwenye mamlaka ni mtu kama sisi, naye amepewa nguvu zake kwa sharti. Kumpisha daima ni kumfundisha kuwa sharti hilo limefutwa.

Sasa tujiulize haki ni nini. Watu wengi hudhani kuwa haki ni zawadi ya serikali, kama vile mzazi ampavyo mtoto nguo mpya siku ya sikukuu. Kama haki ni zawadi, mtoaji aweza kuinyima asipopendezwa, na mpokeaji hana ila kushukuru na kuomba. Lakini haki haifanani na zawadi. Yafanana na deni. Adaiye deni haombi hisani, na alipaye hafanyi ukarimu. Katiba ya Kenya, iliyotangazwa rasmi tarehe 27 Agosti 2010, yaeleza jambo hili waziwazi katika kifungu cha 19: haki na uhuru wa msingi ni mali ya kila mtu, wala hazikutolewa na Dola. Serikali haizai haki. Kazi yake ni kuitambua na kuilinda.

Kabla maneno hayo hayajaandikwa, watu wa Ukambani walikuwa wameyaishi. Mwaka 1911, huko Kilungu, mwanamke aitwaye Siotune wa Kathuke aliwaongoza watu kuukataa utawala wa kikoloni, naye akahamishwa mbali na kwao. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliamuru Wakamba wapunguziwe ng'ombe zao kwa nguvu, ikidai kuwa mifugo imezidi na ardhi inaharibika. Siku hizo Makueni ilikuwa sehemu ya wilaya ya Machakos. Mamia ya watu, wanaume kwa wanawake pamoja na watoto, walikwenda Nairobi wakapiga kambi huko, wakitaka kusikilizwa na Gavana. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alikamatwa akapelekwa Lamu kifungoni. Lakini kabla ya mwaka huo kwisha serikali iliacha kuwanyang'anya watu ng'ombe kwa lazima.

Waona, msomaji, kuwa watu wale walitetea mali yao wenyewe. Hilo ni jambo la kishujaa, lakini si gumu kulieleza, maana hata kuku hutetea vifaranga vyake. Hatua iliyo ngumu zaidi ni kumtetea asiye wako. Hatua hiyo nayo imepigwa na watu wa nchi hiyo hiyo.

Mwezi wa Juni 1982 Bunge la Kenya lilibadili katiba, likaifanya nchi kuwa ya chama kimoja kwa sheria. Mwaka huo huo Willy Mutunga, mzaliwa wa Kitui aliyekuwa mwalimu wa sheria katika Chuo Kikuu cha Nairobi, alikamatwa akawekwa kizuizini hata mwaka 1983, bila kuhukumiwa na mahakama yo yote. Mtu aliyeonja uchungu wa namna ile angeweza kusema, "Nimetoka salama, yatosha." Hakusema hivyo. Mwaka 1992 alikuwa miongoni mwa waasisi wa Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya, pamoja na Makau Mutua, mzaliwa mwingine wa Kitui, na wenzao wengine. Tume hiyo haikuwa idara ya serikali. Ilikuwa chama cha watu binafsi walioazimia kuchunguza na kutangaza maonevu waliyotendewa watu wengine. Kivutha Kibwana, mwana wa Makueni na mwalimu wa sheria vile vile, mwaka 1997 alikuwa mmoja wa viongozi wa mkutano mkubwa wa wananchi uliodai mageuzi ya katiba. Tarehe 7 Julai mwaka ule polisi walivunja mikutano ya hadhara kwa virungu na mabomu ya machozi, na watu kadhaa walipoteza maisha yao.

Katiba mpya ilikuja baada ya miaka kumi na mitatu. Mutunga akawa Jaji Mkuu wa kwanza kuteuliwa chini yake, mwaka 2011, na Kibwana akawa gavana wa kwanza wa kaunti ya Makueni, mwaka 2013. Usidhani nayataja haya ili kukuonyesha kuwa kutetea haki ni ngazi ya kupandia vyeo. Waliokufa barabarani mwaka 1997 hawakupata cheo cho chote, na wengi wao majina yao hayajulikani. Nayataja ili uone kuwa maneno ya kifungu cha 19 hayakuanguka kama mvua. Yalichimbwa, kama maji yachimbwavyo katika mchanga.

Huenda ukauliza: je, mtetezi asiposhinda, kazi yake ni bure? Tutazame jambo lililotokea bonde la Mui, huko Kitui, ambako makaa ya mawe yaligunduliwa chini ya mashamba ya watu. Wakazi walihofu kuwa wataondolewa katika ardhi ya wazee wao bila kuulizwa vya kutosha, wakaenda mahakamani. Mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua kuwa wananchi walikuwa wameshirikishwa kadiri ya sheria, na madai yao yakakataliwa. Kwa kipimo cha ushindi, walishindwa. Lakini katika hukumu ile majaji walieleza kwa urefu namna serikali ipasavyo kuwashirikisha wananchi kabla ya kuamua jambo linalowagusa, na maelezo hayo yamekuwa kipimo ambacho wananchi wa sehemu nyingine wanaweza kukitumia. Aliyepanda mwembe huenda asile embe lake. Tena yafaa kufahamu kuwa haki ya kusikilizwa si haki ya kukubaliwa. Mtu aliyesikilizwa akashindwa ametendewa kama mtu. Ambaye hakusikilizwa kabisa amehesabiwa pamoja na mawe na miti ya shamba lake.

Sasa tuyasikie mashtaka dhidi ya watetezi wenyewe, kwani asiyekubali kushtakiwa hafai kushtaki. La kwanza, husemwa kuwa baadhi ya vyama hivi huishi kwa fedha za wageni. Ni kweli kuwa vingi hupata msaada kutoka nje, na ni kweli kuwa mkono utoao huweza kutaka kuongoza. Dawa yake ni vyama hivyo kuweka hesabu zao wazi mbele ya wale wanaosemewa. Walakini shtaka hili halijibu swali. Kama mtu amepigwa, amepigwa, hata kama nauli ya aliyekuja kuyaandika majeraha yake imelipwa na mgeni.

Shtaka la pili ni zito zaidi. Husemwa kuwa watetezi wa haki hutetea wahalifu. Hebu fikiri kuwa uko sokoni siku ya gulio, na ghafula umati unamkimbiza kijana anayedaiwa kuiba. Mmoja ashika jiwe, mwingine atafuta petroli. Wewe mwenyewe umewahi kuibiwa, na moyo wako wauma. Akija mtu akasimama kati ya kijana yule na mawe, akasema apelekwe kituoni, je, ametetea wizi? Hasha. Ametetea jambo ambalo wewe pia walihitaji: kwamba asiadhibiwe mtu kabla ya kuthibitishwa kosa lake, wala asiadhibiwe kupita kosa lake. Umati hauna masikio. Kesho waweza kumkimbiza mtu mwingine kwa sababu ya shati lililofanana na la mwizi, na mwenye shati hilo ukawa wewe.

Wahenga walisema, "Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu." Hapa ndipo penye mizani ya kumpimia mtetezi wa kweli. Usimpime kwa ukali wa sauti yake. Mtazame siku ambapo aliyeonewa ni mtu wa chama asichokipenda, wa kabila lisilo lake, au mtu aliyemkosea. Anyamazapo siku hiyo, alikuwa akitetea rafiki zake tu, na kwa kutetea rafiki hatuhitaji neno haki. Neno urafiki latosha. Baadhi ya watetezi wameanguka katika mtihani huu, na wengine, baada ya kupewa madaraka, wamesahau waliyoyasema walipokuwa nje. Kuanguka kwao kwaonyesha kuwa kazi hii ni ngumu, wala hakuonyeshi kuwa ni mbaya. Mwalimu akikosea hesabu, hesabu haibadiliki.

Tena kuna methali, "Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni." Kwa muda mrefu methali hiyo ilinitatiza. Yawezekanaje umnyonge mtu na kumpa haki yake? Nadhani maana yake ni hii, kwamba hata ukiwa na nguvu juu ya mtu, hata ukiwa na chuki naye, liko jambo moja usiloweza kulimiliki, nalo ni lile analostahili. Nguvu zako hukoma hapo. Watetezi wa haki ni watu wanaosimama kwenye mpaka huo wakisema, "Usipite."

Wewe, msomaji, ungali mwanafunzi. Huna chama, huna gazeti, wala hujaruhusiwa kupiga kura. Lakini jambo hili halikungojei utu uzima. Siku moja fedha zitapotea bwenini, na macho yote yatamgeukia mwanafunzi mmoja, pengine yule maskini kuliko wote, pengine yule asiyependwa. Hakuna atakayemwuliza alikuwa wapi. Wengine watataka apigwe, na wengine watacheka. Nawe utajua moyoni kuwa hapana ushahidi. Wakati huo utakuwa na sababu nyingi za kunyamaza: si ndugu yako, hamkuwahi kuzungumza, na huenda ni yeye kweli aliyeiba. Utatakiwa useme neno moja dogo tu, "Asikilizwe kwanza." Neno hilo laweza kukugharimu marafiki kwa muda wa muhula mzima.

Siwezi kukuahidi kuwa utashukuriwa. Naweza kukukumbusha tu lile shamba la juu. Matuta yakivunjika huko, maji hayamwulizi mwenye shamba la chini kama jambo lilimhusu. Lakini hata kama shamba lako lingekuwa kileleni, mahali ambapo maji ya jirani hayawezi kulifikia kamwe, jirani yako bado angekuwa mtu, na udongo unaokwenda mtoni bado ungekuwa udongo alioutegemea. Chukua jembe lako uende.